Moshi Ndani ya Buni

Morogoro mjini,
Jumapili, baada ya misa,
Julai 1912

Mama yangu mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, mama, na shikamoo tena, maana ile ya kwanza ni ya desturi na hii ya pili inatoka moyoni. U hali gani? Mguu uliokusumbua masika yote umepoa? Yule mbuzi mweusi amezaa, au bado anawadanganya kwa tumbo la majani? Mjomba Mwinjuma anaendeleaje na kifua chake? Sisi huku kwa mwili hatujambo. Veronika ni mzima, na mjukuu wako ameota meno ya chini, anauma kila kinachosogea karibu, hata kidole cha padri alikiuma juzi mbele ya watu. Baridi ya mwezi huu imetufikia huku bondeni, watu wa mjini wanajikunja na kulalamika, nami nawacheka, maana hawajaonja ukungu wa Mgeta.

Anayekukabidhi barua hii unamwona mbele yako. Najua umeshangaa kuona mama mzazi wa Veronika amebeba karatasi yangu kwenye pindo la nguo yake. Usimwulize neno mpaka Felista amalize kusoma. Hivi ninavyoandika amekaa barazani kwangu, amenipa mgongo kama heshima ya mkwe inavyotaka, na kila nikisimamisha kalamu anakohoa. Amesema haondoki bila barua. Wewe unamjua, akishasema jambo limesemwa.

Nawe Felista, mdogo wangu, soma polepole na usiruke mstari. Utakuta mengi ambayo mama anayajua kuliko mimi, mengine ameyaona kwa macho yake. Yasome hivyo hivyo. Nataka hata mpita njia asiyejua lolote, akisimama nje ya ukuta kusikiliza, aelewe tangu mwanzo.

Nianze na habari za ujima, kwa kuwa ndizo zilizonikosesha usingizi. Regina wa jirani alipoleta mbaazi sokoni alimweleza Veronika kila kitu. Kwamba ulitaka kulima lile shamba la bondeni, ukaloweka mtama, ukapika pombe ya watu, ukaalika nyumba kwa nyumba kama tulivyozoea. Siku ikafika, jua likapanda, hakuna aliyekuja na jembe. Hawakuja hata wale ambao mwaka juzi uliwalimia huku mgongo unakuuma. Ukakaa na mitungi yako mpaka jua likazama nyuma ya mlima, halafu ukaimwaga pombe yote kwenye migomba. Regina alisema hukulia wala hukumlaumu mtu, ulisema tu kwamba wana haki. Mama, neno hilo la kwamba wana haki lilinitoa nyumbani. Nilikwenda nikazunguka mtoni mpaka nikachoka, na niliporudi sikuweza kula.

Wanasema samaki mmoja akioza wote wameoza, na samaki huyo wamempa jina lako. Habari ya samaki huyo ndiyo ninayotaka kuieleza.

Mwaka ule gari la moshi lilipofika Morogoro, serikali ya Wadachi ilihitaji mizigo ya kulijaza. Reli ndefu namna ile haiwezi kukaa inangoja abiria wenye kuku. Ndipo wakaleta miche ya kahawa kule kwetu, bure, na baada ya miche wakaleta msaada mwingine. Walileta mashine ya kumenya ya kuzungusha kwa mkono, waya wa kutengenezea vichanja, na magunia mapya. Tena serikali ikasema italipa yenyewe gharama ya kuipeleka kahawa yetu mpaka Ulaya, ili wanunuzi wa Hamburg waionje. Wakiipenda, wataagiza kila mwaka, nasi watu wa Luale kule Mgeta tutapewa bakshishi na mashine itabaki kuwa yetu. Padri alilitangaza hilo kanisani kana kwamba ni sehemu ya Injili.

Kusema kweli, msaada huo watu hawakuuelewa sana. Nani alijua Hamburg iko wapi? Lakini Akida Yunusi, mkubwa wetu chini ya Wadachi, alipopanda mlima, amejifunika kanzu mbili na shuka kwa kuogopa baridi yetu, akasema neno moja ambalo kila mtu alilielewa. Alisema mwanamume ambaye nyumba yake ina kahawa ya serikali hatachukuliwa kwa nguvu kwenda kufanya kazi shamba la mpira la Wazungu kule tambarare. Shamba la mpira tulilijua. Tulishazika watu waliorudi kutoka huko na homa. Kuanzia siku ile miche ile ilitunzwa kama watoto mapacha, na wanaume waliokuwa wakiicheka wakawa wanaipalilia wenyewe.

Na mimi nilikuwa nani katika mambo hayo? Wadachi waliniona nimepita shule ya padri, najua lugha yao kiasi cha kuagizwa na kutukanwa, wakaniweka kwa bwana shamba, niwe msaidizi wake na mkalimani. Wakanipa kofia ya serikali yenye ukanda mwekundu. Mama, kofia ile ilinipanda kichwani kweli. Nikipanda Mgeta nilitembea katikati ya njia, wazee wakipisha pembeni. Watani wetu walinisema wazi kwamba sasa kofia ndiyo inayomvaa Severini. Nilicheka nao, lakini moyoni nilisema wana wivu.

Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha watu jinsi ya kukausha buni. Bwana shamba alinikaririsha mpaka nikaota. Buni hunasa harufu upesi kama maziwa yaliyoachwa wazi. Ianikwe kwenye vichanja nje, juani, igeuzwe kila mara, na mvua ikija iingizwe chumba cha kulala. Jikoni isiingie kabisa. Neno hilo la jikoni nililisema nyumba kwa nyumba, na mahali pengine nililisema kwa ukali usiolingana na umri wangu.

Msimu ule wa mavuno, kama unavyokumbuka, ukungu ulikaa mlimani kama mgeni asiyeaga. Jua tulilisahau. Wewe ulifanya kazi ambayo sijaona mtu mwingine akiifanya. Ulitoa kitanda chako nje ya chumba ili vichanja vipate nafasi, ukalala kwenye mkeka karibu na mlango. Ukungu ukifunguka kidogo, unavitoa mbio, ukirudi unaviingiza, hata mara nyingine ukaifunika buni kwa nguo yako ya Pasaka nawe ukabaki na ile iliyochanika. Nilikukuta hivyo, nikakuonea huruma, nikakwambia usijiue kwa ajili ya kahawa. Ukanijibu kwamba hujali kahawa, unamjali Agustino, mume wa Felista, ambaye mapafu yake hayawezi shamba la mpira.

Ulipofika wakati wa kukusanya, nilipita nyumba kwa nyumba kukagua. Ndivyo bwana alivyoagiza. Nilitakiwa kuingiza mkono kikapuni, kunusa, kuona rangi, kisha kuruhusu buni imwagwe kwenye magunia ya wote. Nikishasema ndiyo, inachanganyika na hakuna awezaye kuitenganisha tena. Kwako nilipita, kwa Mjomba nilipita, kwa Regina nilipita. Kwa mkwe wangu nilisimama njiani kama inavyonipasa, vikapu vikaletwa mpaka nje ya ua, naye mwenyewe akabaki jikoni. Yeye ndiye mwenye miti mingi kuliko nyumba yoyote upande ule wa kijito, na vikapu vyake vilijaa. Navyo vilimwagwa. Wachukuzi wakateremsha magunia mpaka kituo cha reli, nikaona kwa macho yangu yakipakiwa, nikavua kofia yangu kuyaaga.

Halafu kimya. Tukala Krismasi, tukapanda, tukangoja. Majibu yalikuja katikati ya masika. Bwana shamba aliniita ofisini, akanisomea. Wanunuzi wa Hamburg walisema punje zilikuwa nzuri, kubwa, zimemenywa vizuri, lakini kila kikombe walichoonja kilikuwa na moshi. Walisema ni kama kunywa maji yaliyooshewa nyama iliyokaushwa kwa moshi. Hawaitaki. Na serikali ikasema haiwezi kulipia tena safari ya mzigo unaotia aibu, msaada utapelekwa mlima mwingine, na mashine irudishwe. Bwana akaikunja karatasi, akaniuliza ni nyumba ya nani iliyoweka buni jikoni, maana mimi ndiye niliyekagua. Nikamjibu. Jibu hilo nitalirudia baadaye, Felista, endelea tu.

Baraza lilifanyika nje ya kanisa, kwenye matope. Wewe ulikuwa umesimama karibu na akina mama wa upande wetu. Akida Yunusi alisema kwa sauti ya kukata shauri kwamba kahawa ya mlima mzima imekataliwa kwa sababu ya jiko moja, na jiko hilo ni lako, na kwamba aliyeliona ni mwanao mwenyewe, mtu wa serikali. Watu wote wakageuka. Mimi nilikuwa nyuma ya bwana shamba na kofia yangu, kazi yangu ikiwa kumtafsiria kila kinachosemwa. Niliangalia viatu vyangu.

Nilidhani utakataa. Naapa, mama, nilikuwa nangoja ukatae, upige kelele, uniite mbele ya wote. Wewe ukasogea mbele, ukafunga nguo yako vizuri, ukasema:

"Mimi nilianika nje na nikailaza chumbani kwangu. Lakini kama mwanangu amesema ameona, basi ameona, maana mwanangu hawezi kunisingizia. Huenda ni moshi wa mashamba yaliyochomwa, ukaingia nami sijui. Nawaombeni radhi, ndugu zangu."

Bwana shamba akaniuliza huyu mama amesema nini. Nikatafsiri. Nilitafsiri kwamba amekiri na ameomba radhi. Ile sehemu ya katikati niliimeza.

Yaliyofuata mnayajua. Mashine ilifungwa kwenye miti, ikabebwa kuteremshwa, na akina mama wakaifuata kwa macho kana kwamba ni jeneza. Haikupita muda askari wakapanda kuchukua watu wa shamba la mpira, na Agustino alikuwa wa mbele. Felista, najua hapa umesimama. Jifute uso, uendelee, maana hujafika panapouma.

Sasa niseme habari za huyu aliyeleta barua. Jana mchana alifika kwangu kwa miguu, amelala njiani Mlali, amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikataa maji, alikataa kigoda. Akakaa barazani, akaanza kusema na Veronika kwa sauti kubwa, kama tunavyofanya mtu akitaka mkwe aliyeko ndani asikie bila kuambiwa. Mwambie huyo aliye ndani, alisema, kwamba juzi nilikuwa kijitoni nachota maji. Mama yake huyo akaja. Watu wakaondoka na vyombo vyao kama kawaida yao siku hizi, nami nikabaki kwa sababu ni mkwe. Akapiga magoti kwenye mawe, mwanamke wa umri ule, na mguu ule mbovu. Akaniomba radhi kwa kuwa miti yangu ni mingi na hasara yangu ni kubwa kuliko ya wengine. Akanieleza jinsi alivyotoa kitanda chumbani ili kuilaza buni, na kwamba haelewi moshi uliingilia wapi.

Veronika alikuwa analia. Mama yake akaendelea. Alisema aliporudi nyumbani aliinua macho, akaangalia uchaga wake juu ya mafiga. Pale ndipo anapotundika mahindi ya mbegu, kama alivyofundishwa na mama yake, kwa kuwa moshi hufukuza wadudu, na mbegu bora ya nyumba haikai mahali pengine. Na kahawa ya serikali, kitu kilichokuwa kinalinda wanaume wa mlima mzima wasichukuliwe, angeiweka wapi kama si mahali pa heshima kuliko pote? Ukungu ulipozidi, aliipandisha yote darini. Neno langu la jikoni hakulisikia kamwe. Nyumba nyingine zote nililisema, ila ile moja ambayo jiko lake sikuruhusiwa hata kulitaja.

Nilikuwa ndani nimeshika ubao wa dirisha. Nilitaka aendelee kusema na Veronika, hata kwa siku nzima, hata kwa matusi. Lakini aliinuka, akageuka. Mama, tangu nimuoe Veronika, yule mama na mimi hatujapata kutazamana. Aliingia mlangoni, akanikazia macho, akasema:

"Mkwe, ule moshi ulikuwa wangu, na wewe ulijua. Nilikuona kwenye upenyo wa ukuta. Pua yako ilikuwa ndani ya kikapu."

Mama, ni kweli.

Sina namna ya kulisema hili kwa uzuri, kwa hiyo nalisema kama lilivyo. Siku ile ya ukaguzi niliinama kwenye kikapu cha kwanza cha mkwe wangu na moshi ukanipiga puani kama nimeingia jikoni kwenyewe. Nilijua pale pale. Nikanusa cha pili, kile kile. Nilipaswa kusema kwamba hii isimwagwe, itengwe. Kama sikuweza kumwambia yeye, kuna mshenga aliyeniposea, yuko hai, anakaa karibu na kanisa, ndiyo kazi yake. Ningemwambia, naye angejua maneno ya kutumia. Lakini nilimwona mshenga akienda kumwambia mama mkwe wa Severini kwamba jiko lake linanuka, nikaona ndugu za Veronika wakinidai mbuzi wa kumwosha aibu, nikaona wananicheka na kofia yangu. Halafu alikuwa amenipikia kuku siku ile, kuku mzima, akaniletea njiani kwa mkono wa Veronika. Nikajiambia kwamba magunia ni mengi, na Mzungu hunywa kahawa na maziwa na sukari, atajuaje? Nikasema mwageni. Basi kosa la kwanza ni hilo, nilinyamaza, na kimya changu kikawachukulia watu wanaume wao.

La pili ni baya zaidi. Bwana shamba aliponiuliza ni nyumba ya nani, ningeweza kusema kwamba ni mimi niliyekagua vibaya. Niliogopa kiboko na niliogopa kuipoteza kofia. Ningeweza kumtaja mkwe wangu mwenyewe. Niliogopa kurudi nyumbani kwa Veronika. Nikatafuta haraka jina la mtu ambaye hatanidai kitu, hatanichukia, na ambaye bwana atasadiki bila kwenda kutazama. Nikataja lako. Nikasema nilipita kwa mama yangu nikaiona buni juu ya moto, na kwa kuwa ni mama yangu niliona haya kumkataza. Bwana shamba akanipa mkono. Akasema mtu anayemtaja mama yake mwenyewe ni mwaminifu kuliko wote aliopata kufanya nao kazi. Mama, nilisema ahsante.

Nilidhani litaishia pale ofisini. Ndivyo nilivyojidanganya. Sikujua kwamba atamwambia akida alitangaze barazani, wala sikujua kwamba utasimama mbele ya watu na kuamini maneno yangu kuliko macho yako. Hilo ndilo linaloniua. Mtoto mwingine akimsingizia mama yake, mama hujua kwamba amesingiziwa, naye hupata angalau hasira ya kumliwaza. Mimi nilikunyang'anya hata hasira. Nimekufanya ulale usiku ukijiuliza ulikosea wapi, wewe ambaye hukukosa popote. Nasikia haya, mama. Nasikia haya hata kuandika neno hili mama kila mara kana kwamba nina haki nalo.

Leo alfajiri, kabla ya misa, nilikwenda kwa bwana shamba nikamweleza yote. Nilitegemea kiboko, na kusema kweli nilikitamani. Hakunipiga. Alisema moshi ni moshi, uwe wa mama huyu au wa mama yule, Hamburg hawajali. Barua zimeshakwenda Dar es Salaam, msaada umeshapewa watu wengine, mashine haitapanda tena mlima wetu. Na lililotamkwa barazani ni neno la serikali, halirudishwi nyuma, kwa hiyo nikae kimya. Nikitaka kwenda kulisema Mgeta, niiache kofia mezani. Nimeiacha mezani.

Kwa hiyo elewa vizuri, Felista, na umweleweshe mama. Siwezi kurudisha mashine. Siwezi kumrudisha Agustino kabla serikali haijamwachia, nami kwako wewe sijui niseme nini, nitakuja nikuangukie peke yako. Kitu pekee kilicho mikononi mwangu kukirudisha ni jina la mama. Ndiyo sababu nimeandika kirefu. Barua hii isiishie kusomwa ndani. Jumapili ijayo misa ikiisha, watu wakiwa bado wamesimama pale nje, pale pale lilipofanyika baraza, isome yote kwa sauti, mwanzo mpaka mwisho. Mficha uchi hazai, na mimi nimeuficha vya kutosha.

Mkwe wangu ndiye aliyetaka iwe hivyo. Ameniagiza kupitia Veronika niandike kwamba uchaga ni wake na kwamba atasimama kando yako ikisomwa. Nimeandika kama alivyotaka. Lakini naandika na langu pia, na watu walisikie, kwamba yeye hana kosa. Aliitunza kahawa ile kama mbegu, kwa sababu hakuna aliyemwambia vinginevyo, na mtu wa kumwambia alikuwa mimi. Mtu yeyote asimcheke kwa jiko lake. Anayetaka kucheka anicheke mimi.

Jumamosi nitakuwa njiani. Sitapita katikati ya kijiji. Nitateremkia kwenye lile shamba lako la bondeni ambalo watu hawakuja kulilima, na Jumapili, wakati Felista anasoma kanisani, mimi nitakuwa nalilima. Usinipikie. Usinitumie maji. Ukisikia yote haya na bado hutaki kuniona, mwache Mjomba Mwinjuma aje aniambie, yeye ndiye mwenye ukoo, na lolote atakaloniamulia kwa kumvunjia mama heshima nitalitii bila kufungua kinywa. Ukitaka kuja mwenyewe, njoo polepole kwa ajili ya mguu wako. Sina la kukuomba zaidi ya hilo, hata radhi bado sijathubutu kuiomba, maana ile uliyoomba wewe mbele ya watu ilikuwa yangu.

Veronika anakusalimu sana na amelia mpaka nami wino siuoni vizuri. Mjukuu wako anakusalimu kwa meno yake.

Ningependa kumalizia kama barua nyingine zinavyomalizia, nimsalimu Mjomba Mwinjuma na nyumba yake, nimsalimu Regina na mumewe, niwasalimu akina mama wote wa upande wetu na wa ng'ambo ya kijito, na mshenga wangu, na mzee wa kengele ya kanisa. Salamu hizo ninazo, nimezifunga humu. Lakini wasipewe sasa. Wasomewe kwanza barua, na baada ya kusikia, atakayeona bado anaweza kuzipokea kutoka kwangu, wewe Felista mpe zake. Na wewe mama, zile shikamoo mbili za mwanzo usiziitikie mpaka umefika hapa.

Ni mimi mwanao, niliyekusingizia,

Severini